Chai ya Mlimani Yatiwa Chumvi Bondeni

Saa moja asubuhi kwa saa za shamba, ambazo huku Assam zinakwenda saa nzima mbele ya saa za serikali, king'ora cha kiwanda kinalia. Phulmaya Rai anapitisha mkanda wa kikapu juu ya utosi, anaingia kwenye mistari ya chai, na kabla hajachuma hata konzi ya kwanza ameshamuuliza jirani yake jana kulikuwa na kelele gani nyumba ya tatu.

Ardhi imelala tambarare mpaka mtoni Brahmaputra. Jua bado changa, lakini migongo tayari imelowa.

"Huku jani linanenepa huku unalitazama," anasema, vidole vikikata majani mawili na chipukizi lake. "Ukigeuka kumsengenya mtu, ukirudi limeshakuwa kubwa. Kule kwetu linabembelezana na ukungu na baridi siku nyingi ndipo lichomoze. Dogo, lakini linanukia."

Kwetu ni miteremko ya Kurseong, upande wa Darjeeling. Alitoka huko akiwa na miaka kumi na tisa, shamba la kwao lilipofunga lango, akamfuata shangazi yake aliyemwambia ni msimu mmoja tu. Msimu huo umefika mwaka wa thelathini na nane. Katikati yake ameolewa na Lakhindar Tanti, mpakiaji wa magunia, amemzaa Gobin, na amemzika Lakhindar.

Desemba hii anastaafu. Nyumba za kambi ya wachumaji ni za kazi, si za mtu. Anayeondoka humwachia nafasi yake mmoja wa nyumbani, na paa hubaki. Nafasi ya Phulmaya inakwenda kwa Sukurmoni, mke wa Gobin. Kwa hiyo nyumba haina wasiwasi. Swali lililobaki, na kambi nzima inaliuliza hata mbele yake, ni kama mwenyewe atabaki au atarudi mlimani, kwa dada yake Deuki aliyemtunzia chumba miaka yote.

Mpaka Aprili jibu lilikuwa moja: anarudi. Kila jioni aliwasimulia majirani chai ya kwao, rangi yake kama asali nyepesi, harufu yake kama ua lililonyeshewa mvua. Ujira wa siku, rupia mia mbili na hamsini, haumruhusu mtu kununua chai ile.

"Tumeinywa kwa masikio mpaka tumeshiba," anasema Bahamoni Munda, jirani yake, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo.

Basi Aprili ile Deuki akamtumia pakiti: machipukizi ya kwanza ya mwaka, yaliyochumwa baridi ikianza kuachia. Phulmaya akawaita watu Jumapili. Kibaraza kikajaa, wengine wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, bisi za mchele zikazungushwa kwenye ungo. Akaenda kuazima vikombe.

Aliporudi, Sukurmoni alikuwa ameshafanya mambo. Kwa heshima ya mama mkwe, alikuwa ameyachemsha majani yale kwenye sufuria kubwa mpaka yakatoa povu, akatia chumvi kama ilivyo ada ya kambi. Wachumaji wa huku, wanaotoka jasho kutwa, hawanywi chai bila chumvi.

Wageni wakanywa.

"Dada Phulmaya," Bahamoni akasema, "hii chai imepita tu kusalimia, au inakuja?"

"Labda imechoka na safari," mwingine akadakia.

"Mwanangu, umeniulia chai," Phulmaya akamwambia mkwewe.

"Mama, nilidhani ni chai," Sukurmoni akajibu, machozi yakimlenga.

Kibaraza kizima kikavunjika mbavu. Phulmaya akatoa konzi iliyobaki, akaacha maji yapoe kidogo baada ya kuchemka, akayamimina juu ya majani, akafunika, na akawakataza watu kugusa. Safari hii harufu ilitangulia kikombe. Hata Bahamoni alifumba macho.

"Inanukia bibi harusi," akakiri. "Lakini tumbo linauliza harusi yenyewe iko wapi."

Walicheka wote isipokuwa mwenyeji. Kwa funda la kwanza, anasema, alimwona mama yake akikung'uta umande kwenye shuka, akausikia ukungu ukigonga madirisha. Kwa funda la pili mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi.

"Nikauona mkono wangu pale, nikauacha," anasema, sauti ikishuka. "Nikajua mdomo wangu umehamia huku bila kuniaga. Unataka chai ya bondeni, nyekundu kama shaba, nzito, inayokushika koo ikuulize umeamkaje."

Alimpigia Deuki simu jioni ile, akamwambia mdomo wake umeichagua chai ya bondeni.

"Chai yenu hiyo si ya kuamshia ng'ombe?" dada yake akamkejeli.

"Ndiyo. Na mimi imeniamsha miaka yote hii."

Sasa mpango ni huu. Machi atapanda mlimani, machipukizi ya kwanza yakitoka, akae kwenye chumba chake, azeeke kidogo na dada yake. Juni, mashina ya Assam yakitoa yale majani yenye utamu wa nafaka iliyokaangwa, atateremka. Na safari ya kwanza anataka aende na Sukurmoni, ambaye hajawahi kuona kilima chochote.

Wakati wa kupima majani mchana, mkwe anaketi karibu naye, na swali limemkaa tangu asubuhi.

"Mama, kama shamba la kwenu limesimama wima namna hiyo, mnachumaje bila kuporomoka?"

"Tunaporomoka," Phulmaya anamjibu, akipokea kikombe chake cha chai ya chumvi. "Mimi niliporomoka nikakomea hapa."