Kejeli za Wifi Yangu

Kwenye ukoo nilioolewa, wifi ana ruhusa ya kukutania mpaka uchoke, na ukinuna, wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Basi mimi nilikuwa nacheka.

Mume wangu alichimba dhahabu Rwamgasa. Mimi na binti yetu tulipanga chumba Kambarage, na tulikuwa tunajenga Kagongwa. Nasema tulikuwa tunajenga kwa sababu tofali za nyumba ile nilizimwagilia maji mwenyewe, mpaka mume wangu aliponiambia nisijisumbue tena, mafundi wapo.

Msimu wa viazi vitamu tulikutana kwa mama mkwe kukata michembe, vile vipande vya viazi vya kuanika. Hapo wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa hanipi nafasi ya kupumua.

"Mpisheni mwenye nyumba akae, jamani, asije akachafua vidole."

Wanawake wanacheka, nami nacheka. Nikisema nimeanza kushona mapazia, ananiambia, "Shona, wifi, shona marefu. Kaka yangu anakusubiri wewe tu." Wanacheka tena, na mama mkwe anageuzia uso pembeni. Nilidhani anaona aibu kwa utani wa bintiye. Ujinga wangu huo.

Mapazia yalipokamilika nilipanda basi kwenda Kagongwa bila kumuaga mtu. Mlango ulifunguliwa na msichana mdogo tu nisiyemjua, mtoto mgongoni, akapiga goti kunisalimia, "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba. Kisha mtoto akainua kichwa, nikauona uso wa mume wangu.

Sikugombana naye. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, nikamkuta anasonga ugali.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakwambia kila siku, wifi. Ukawa unacheka."

Aliendelea kusonga. Mume alinisaliti, sawa, ila huyu ndiye aliyenimaliza. Angetaka nijue, angenivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu na mwenzake. Kumbe wote pale kwenye viazi walijua, hata mama mkwe, na utani wenyewe ulikuwa mimi. Nilicheka nao kwa moyo wangu wote.

Siku hizi mtu akinisifia, namtazama kwanza mdomo. Juzi nilivaa gauni jipya, binti yangu akasema, "Mama, umependeza." Nilimfokea mpaka akalia.