Diski Iliyokataa Kuungana

Mimi ndiye yule fundi wa kompyuta aliyetolewa Kitale hadi Bungoma kwenda kujiaibisha mbele ya pasta. Wacha niseme mwenyewe kabla sijasemwa.

Kanisa lilitaka diski zake mbili ziunganishwe ziwe hifadhi moja kubwa ya video za ibada. Nekesa, karani wa ofisi, aliniambia nyimbo za kwaya zilizokuwa kwenye diski ya pili zilishawekwa kwingine, kwa hivyo naweza kuifuta. Nikafungua wimbo mmoja kuona kama diski ni nzima. Kwaya iliimba vizuri, nikaiacha iendelee huku nikifanya kazi.

Basi nikaiamuru mashine iunganishe. Ikakataa, ati diski ya pili inatumika.

"Inatumiwa na nani?" nikaiuliza mashine, kama mtu mwenye akili zake. Nikaamuru tena, ikakataa tena. Nikalaumu stima, nikalaumu programu. Nikamuuliza Nekesa ni nani amekuwa akichezeachezea vitu vya wenyewe. Alikuwa anafuatisha kwaya kwa sauti ya pili, chini chini.

Pasta akaingia. "Fundi, bado tu?"

"Pasta, hii diski yenu ni mbovu. Ati inatumika, na si unaona imekaa tu hapa bure?"

Nikaichomoa kwa hasira nimwonyeshe.

Kwaya ikakatika katikati ya aleluya. Pasta akaangalia spika, akaangalia diski mkononi mwangu, akaniangalia mimi. Nekesa peke yake ndiye aliyeimalizia.