Gunia Nililisoma, na Pombe Nikaipika

Kosa ni langu. Ninaanza hapo, mtu asidhani nimekuja kujitetea.

Lakini siku ile mama mkwe wangu amelala kwenye mkeka anatapika, kapita, mkubwa wa mtaa wetu hapa Mboko, akasimama mlangoni akicheka. "Weye mwenye ulisoma mpaka sekondari, haukuona kama ile ni mbegu?"

Nilichoka! Nilibeba sufuria ya pombe iliyobaki nikammwagia yote, suruali mpaka viatu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Vita vilitushusha kutoka milimani. Mume wangu yuko Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu barabara ifungwe hatujasikia neno lake. Nilibaki na mtoto wa miezi mitano na mama mkwe. Yeye ndiye alinifundisha pombe yake nyeusi, na hiyo ndiyo ilitulisha.

Unaloweka mahindi mpaka yaote, unayaanika, unayakaanga mpaka yawe meusi, unatwanga, unachemsha, unaacha ichachuke. Inatoka nzito, nyeusi kama kahawa, chungu kidogo. Watu walitoka Swima kuifuata! Na kwetu mpikaji huonja kwanza mbele ya wanywaji, waone haina kitu kibaya. Mimi ninanyonyesha, kwa hiyo muonjaji alikuwa mama mkwe.

Shambani wenye bunduki walikuwa wamekaa. Mahindi yakatuishia. Kapita alikuwa na magunia ya mbegu za msaada, za kugawia watu bure. Alikuwa anaziuza nyuma ya nyumba yake. Zilikuwa nyekundu, nikasita.

"Mahindi ni mahindi, mama," aliniambia. "Yenyewe inajua kama ni mbegu?"

Nikacheka naye. Mjinga mimi! Gunia lilikuwa pale pale, limeandikwa kwa Kifaransa: mbegu zimetiwa dawa, si za kula. Nilisoma mstari wote.

Nyumbani niliosha, maji yakatoka mekundu. Nikaosha tena, mekundu. Mama hajui kusoma. Akauliza, "Mbona hii mahindi iko na rangi?"

"Ni aina mpya, mama."

Nikayakaanga kuliko siku zote, mpaka weusi ukaimeza ile rangi.

Asubuhi ya kuuza, wateja watatu wameketi, mama akaonja. "Eh! Ya leo iko kali. Hii itaangusha banaume!" Wakacheka. Akajiongezea kikombe. Kabla mteja wa kwanza hajapokea chake, uso wa mama ukaiva, akashika tumbo, akaanguka. Nami nilisimama na kata mkononi, ninajua ni nini.

Kapita alipoondoka na suruali yake iliyolowa, majirani walimbeba mama kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka kwa muuguzi. Hapo ndipo nilisema nililolisoma kwenye gunia. Nimechelewa, lakini nilisema, na mama mwenyewe akisikia.

Alipona. Ila sasa nikimpa uji, anautazama kwanza. "Onja, mwanangu." Hasemi kwa hasira. Afadhali angenipiga! Ninaonja, asubuhi na jioni, ndipo anakunywa.

Bamama wenzangu, mahindi yenye rangi msiyaoshe. Yafukieni! Na wewe uliyesoma, ukikaa kimya, kusoma kwako ni kwa nini?

Hapa sitaji jina langu. Kwenye bureau, ofisi ya chefu, nililiandika lote kwenye mashitaka yangu, juu ya karatasi ya daftari. Karani alisoma, akakuna kichwa.

"Mama, mushitaki hajishitaki mwenyewe. Tufute hii ya mwisho?"

"Iache."

Akagonga muhuri. Iliandikwa hivi:

"Ninamshitaki kapita wa mtaa wetu. Mbegu zenye dawa, za watu kupewa bure wapande, aliziuza kama chakula. Mama mkwe wangu alizinywa katika pombe, nusura afe. Ninajishitaki na mimi niliyeipika. Gunia nililisoma, nikanyamaza."