Keki ya Makala Iliyofutwa

Maabarani kwetu, Adelaide, kila makala yako inaponukuliwa na watafiti wenzako mara mia zaidi, keki unaoka mwenyewe. Hupewi. Unaleta, unakata, unasimama kutaniwa. Glenys Trevorrow alioka kutushinda wote, na karibu keki zote zilikuwa za makala moja ya ujana wake, kuhusu dawa iliyozuia seli za saratani ya ovari kuongezeka.

Seli zenyewe zilitoka kwa Una Noske, mwalimu wa shule ya msingi kule Barossa. Kabla hajafa alimshika Glenys mkono, akamwambia, "Mwanangu, mimi siponi, hilo najua. Hizo zangu zifanyie kazi ya maana, basi." Glenys akaahidi. Nilikuwa namcheka nikimkuta anaisemesha chupa ya seli: "Una, umeshindaje leo?"

Kosa lilifanyika Ijumaa. Siku hiyo kila mtu anawahi baa, na Glenys, kwa haraka, alitumia chupa moja ya maji ya lishe kuzilisha seli za Una pamoja na zile seli za zamani za mgonjwa mwingine, zilizozagaa maabara zote duniani, zinazoota kama magugu. Tone moja linatosha kuzihamisha. Za zamani zikaingia, zikala, zikajaa. Za Una zikafa kimyakimya, na hakuna aliyejua, kwa kuwa sote tuliamini maandishi ya kwenye kibandiko. Makala ikatoka, dunia ikaipenda.

Miaka mingi baadaye jarida moja lilidai kipimo cha DNA kwa kazi yake nyingine. Majibu yakarudi: hizi si za Una. Mkurugenzi wetu, Rex Halloran, alimwita, nami nikiwemo chumbani.

"Glen, achana nayo. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Hiyo makala ndiyo inayotulisha hapa, dada. Ukiifuta, fedha za utafiti zisahau."

"Nilimuahidi mtu, Rex."

"Mtu mwenyewe si alishakufa!"

"Na mara ya pili nikamuua mimi."

Akatangaza kuifuta makala, akaeleza kosa lake bila kujitetea. Kwangu alikuwa shujaa, na sijabadilisha mawazo. Lakini fedha zilikauka kweli, akabaki na vikazi vidogo vidogo katika kona ya maabara, mtu mwenye kichwa kama kile. Nasikitika mpaka leo.

Cha kukera zaidi, watu waliendelea kuinukuu makala ile ile! Wasomi wazima wanalinakili jina la makala kutoka kwa mwenzao, aliyelinakili kwa mwingine, wala hakuna anayejisumbua kuifungua. Idadi ikazidi kupanda. Lile tangazo la kuifuta halikunukuliwa na yeyote ila Glenys mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa akifungua kompyuta kuangalia kama kuna mwingine aliyelinukuu.

"Mmoja tu, Merv," aliniambia. "Nikimpata mmoja aliyelisoma, nawaokea keki ya ghorofa."

"Utatunenepesha bure," nikamjibu. Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Siku ya kumuaga alipostaafu, Rex alinunua keki yeye mwenyewe, na juu yake, kwa sukari ya rangi ya waridi, akaandikisha idadi ya mara zote alizonukuliwa. Watu wakapiga makofi. Glenys akaitazama ile namba kama mtu anayesoma jina lake kaburini. Alishika kisu akate, ndipo akamjia Tamsin Rourke, mtafiti aliyesafiri kutoka Perth ili amwone tu.

"Dokta Glenys, siamini! Mimi kila kitu changu kimeanzia kwenye makala yako. Sasa hivi tunaomba ruhusa ya kuijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa."

"Ulisoma tangazo langu?" Glenys akauliza.

"Tangazo gani tena?" Tamsin akacheka. "Na yule mama wa Barossa tunaye bado, kwenye chupa mliyotutumia, ndani ya friza letu. Tukimtoa tu, anakua huyo! Hachoki!"

Mimi nilitamani sakafu inimeze kwa niaba ya Tamsin. Glenys akaweka kisu chini.

"Siye huyo, mwanangu," akasema taratibu. "Una alikufa siku ya Ijumaa, mikononi mwangu."

Akamvutia kiti, akaanza kumweleza. Keki haikukatwa.