Godoro la Shangazi

Juzi hapa Elerai nimemwona mama anamtembeza mwanawe mtaani na godoro la mkojo kichwani, watu wanacheka. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Mtu mzima hovyo kabisa!

Shangazi yetu kule Nkoaranga, aliyetulea utotoni, alikuwa hivyohivyo. Siku moja alimbebesha mdogo wangu Eliya godoro, harufu inamchoma macho, akamzungusha kwa majirani. "Muoneni kikojozi wangu!" Eliya alilia bila sauti.

Mimi niliamini kosa ni la mfereji wa nyuma ya nyumba, kwamba mlio wa maji ndio unauita mkojo wake usiku. Mchana uleule nikauziba kwa matope na vigogo vya mgomba ili unyamaze. Maji yakageuka, yakaingia chumbani kwa shangazi na kulowesha godoro lake lililokuwa sakafuni.

Akalitoa nje kichwani, linamchuruzikia usoni. Jirani akachungulia toka kwenye mibuni. "Mama Neema, kumbe leo ni wewe?"

Sasa najua kibofu cha mtoto kinakomaa taratibu, na aibu haikikomazi. Fimbo nilikula, tena nyingi. Lakini Eliya alicheka mpaka akakaa chini.