Shingo za Kuku za Profesa

Kinyozi yule wateja walimwita Profesa, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti chake akaondoka na masikio mazima. Wembe ukishafika kooni hubishi, unasikiliza. Mwaka huo somo lilikuwa mbwa.

"Mbwa ni mbwa mwitu aliyestaarabika," alifundisha, baada ya kuyaona hayo kwenye simu. "Mpe nyama mbichi na mfupa mbichi. Chakula cha kupikwa kinamlemaza."

"Na nyama unaitoa wapi, Profesa?"

"Akili ni mali."

Akili yenyewe ni kwamba alikuwa akimnyoa mwenye bucha bure, naye mwenye bucha akimpa shingo za kuku, mapafu na mifupa ambayo wanunuzi wameikataa. Friji ilijaa mpaka maziwa ya watoto yakahamia dirishani. Mbwa wake aling'aa manyoya. Watoto waliendelea na maharage.

"Siku moja nitabweka," mkewe alimwambia, "huenda nami nikapewa."

"Mama watoto, usitie wivu kwenye sayansi."

Kisha mama mkwe akaja kuwasalimia. Alifungua friji, akamshukuru Mungu kwamba binti yake ameolewa na mwanamume anayejaza nyumba, akabandika sufuria. Binti alijua nyama ni ya mbwa. Alimletea vitunguu.

Jioni Profesa aliramba bakuli. "Mama, mkono wako una baraka! Nyama hii mmeipata wapi?"

"Si yako mwenyewe, mkwe wangu? Zile shingo za kwenye friji. Mifupa nimemtupia mbwa, maskini, alikuwa anatukodolea macho."

Mifupa iliyopikwa! Profesa alijua kwamba huvunjika vipande vikali, vikatoboa utumbo. Alitoka mbio, akapiga magoti uani, akamtia mbwa mkono mdomoni. Mbwa mwitu aliyestaarabika akasahau ustaarabu. Majirani waliochungulia juu ya ukuta waliona mtu na mbwa wakigombea shingo ya kuku, wote wawili wakinguruma.

Mfupa ulitoka. Kidole nacho nusura kitoke.

Mkono wenye bendeji haunyoi. Mwenye bucha, ndevu zikimwasha, alihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu asiyefuga hata paka, na shingo zikakoma. Mbwa alirudi kwenye makombo ya maharage, akayafagia huku mkia ukicheza, hana habari na mababu zake wa porini.

Mama mkwe naye alipofika kwake aliusimulia ukoo mzima: mkwe ni mtu mwema, nyumba imejaa, ila ni mlafi. Ameshashiba, bado anamnyang'anya mbwa mifupa.