Saa Feki ya Mnadishaji Wetu

Habari ya msiba ilinikuta Soweto, Mbeya, nimekwishavua viatu kwa mwenyeji wangu na chai mezani haijapoa. Simu ilitoka nyumbani Iringa: mwalimu mstaafu aliyekuwa akinadi vitu vya sadaka usharikani kwetu amefariki. Wasomaji wangu mnisamehe, nilianza kwa kucheka. Mwenyeji wangu akanikodolea macho, nami nikalazimika kumweleza kwamba mtu huyu humkumbuki bila kuanza na kicheko. Machozi yalifuata baadaye, wala sikuyazuia.

Kwetu, ibada ikiisha hatukimbilii nyumbani. Asiye na fedha huleta sadaka ya jogoo, trei la mayai au debe la mahindi, na vyote hivyo hunadiwa pale nje ya kanisa, watu wakinunua kwa bei ambayo sokoni wangegombana. Marehemu ndiye aliyekuwa akishika kipaza sauti. Akiinua jogoo juu, humwombi Mungu akupe jogoo, unaomba akupe huyo huyo. Lakini kama jogoo ni mgonjwa atakwambia ni mgonjwa, na kama mayai yamekaa atakwambia kayapike leo leo.

Saa yake aliinunua nikiwa naye. Tulikwenda Mbeya kumsalimia binti yake, tukapitia Mwanjelwa, akaiona kwenye meza ya kijana mmoja: saa nzito ya rangi ya dhahabu, ya aina wanayovaa matajiri. "Shikamoo mzee, hiyo orijino, imetoka Uswisi," kijana akaanza. "Marahaba. Mwanangu, nimefundisha watoto waongo kukuzidi. Niambie ni feki, nikulipe bila kupunguza." Kijana akaangalia kushoto na kulia, akashindwa kujizuia, akacheka. "Feki, mzee wangu." "Sasa nifunge mkononi." Akaonyeshwa hata yale maduara matatu madogo ndani ya uso wa saa: yalikuwa yamechorwa tu, mishale yake haiendi popote. Tangu siku hiyo alikuwa anakuwahi kwa salamu ya Kihehe kabla hujauliza: "Kamwene! Umeiona? Feki hii, lakini inanipendeza." Nilimtania sana, ila ukweli ni kwamba ilimpendeza.

Mwaka tuliokuwa tukiezeka kanisa, wazee walimwalika mgeni rasmi, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Chunya. Mabati hayakuwa yametosha na mawingu yalikwishaanza kukusanyika. Mgeni akatoa hotuba nzuri, kisha akavua saa yake mkononi, akaiweka mezani inadiwe. Wamama wakapiga vigelegele. Mnada ukapanda kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona, mpaka wakabaki watu wawili, na mmoja wao alikuwa mama mkulima wa viazi aliyetaka kumvisha mwanawe siku ya kuhitimu chuo. Fedha zilipomwishia, mama akasema kwa sauti, "Naongeza na ndama wangu!" Umati ukalipuka kwa shangwe. Mwalimu akasema mara ya kwanza, akasema mara ya pili, huku akiisogeza saa karibu na macho ili aisifie vizuri. Hapo macho yake yakakwama kwenye maduara matatu madogo ya saa ile.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alimsogelea, nami nilikuwa karibu nikasikia. "Mwalimu, malizia. Mvua hiyo." Mwalimu akakunja mkono wa koti, akainua saa mbili pamoja, ya mgeni na yake. "Ndugu zangu, hizi ni pacha. Yangu nimeinunua Mwanjelwa, na aliyeniuzia aliniambia ni feki. Mgeni wetu hana kosa, naye kauziwa. Mama, ndama wako rudi naye nyumbani. Haya, tunaanza upya, nani anataka saa feki?" Hakuna aliyecheka. Saa ilikwenda kwa bei iliyozidiwa na jogoo, mgeni akaondoka kabla ya chakula, na kamati ikamnyang'anya mwalimu kipaza sauti jioni ile ile. Walisema ametukosesha paa, na kusema kweli hawakukosea.

Siku hizi tumezoea feki mno. Mkulima wa Nyanda za Juu anapanda mbegu feki akidhani ni bora, anasubiri mahindi yasiyokuja. Tunanunua dawa ya ng'ombe ambayo ni maji ya rangi. Na tukilalamika tunaambiwa ndiyo biashara. Mimi sioni dhambi kwenye saa iliyouzwa kwa jina lake. Aliyenunua feki akijua amenunua anachokitaka. Kinachotuua ni wale wanaojua na kunyamaza, hasa wanaponyamaza kwa ajili ya jambo jema. Shule, zahanati, kanisa, yote haya yana watu wa kukunong'oneza umalizie.

Kamati ilileta mnadishaji mwingine, mwenye sauti nzuri kuliko mwalimu. Watu wakaanza kubonyeza kuku kifuani na kunusa mayai kabla ya kutaja bei, na mnada ukadorora. Mwishowe yule mama wa viazi alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema, "Turudishieni mwalimu. Kwake nilikuwa nanunua nimefumba macho." Wakamrudisha, na kazi hiyo aliifanya hadi alipougua.

Mvua ilitunyeshea masika yote ya mwaka ule wa mnada. Tulisali tukiwa na miavuli, maji yakichuruzika kwenye vitabu vya nyimbo, na watoto wakitetemeka. Wageni waliotutembelea walituonea huruma. Leo, nikiingia chini ya paa tulilolimaliza baadaye na kutazama juu, najua hakuna bati hata moja lililonunuliwa kwa ndama wa mama aliyedanganywa. Jengo jema likichelewa, wasomaji wangu, subirini mlowe. Sisi tulilowa, na ninajivunia hilo.